Kiprugut na Alama ya Sikio

Mara ya kwanza Kiprugut alipokuja kwenye kibanda changu kule Bondeni, mjini Nakuru, alinipotezea asubuhi nzima na akanunua mikebe kumi na mmoja tu. Mwaka ulikuwa 1955. Mimi, Joash, nilikuwa nanunua mikebe mitupu kutoka hoteli, gereji na jikoni za Wazungu, naiosha kwa majivu, nauza kwa yeyote mwenye kitu cha kutia ndani. Mteja wa kawaida aliinua mkebe juu kuangalia kama una tundu, akalipa, akaenda zake. Huyu alivua kofia, akachuchumaa, akaanza kunusa mmoja mmoja.

"Huu ulikuwa na mafuta ya taa," akasema, akauweka kando.

"Nimeuosha mara tatu, mzee."

"Hata ukiosha mara kumi. Ng'ombe atajua."

"Kwani ng'ombe ndiye anakuja kulipa?"

"Ndiye analipa. Mimi nabeba tu."

Niliona ni mtu wa kuchagua, na mtu wa kuchagua hupandishiwa bei. Nikaipandisha. Hakubishana. Alivaa kofia akaondoka. Mchezo huo naujua, nimeucheza miaka mingi, kwa hiyo nikaendelea kupanga mikebe huku nikingoja ageuke pale kwenye kona. Hakugeuka. Ikabidi nifunge kibanda na kumfuata mwenyewe hadi karibu na stesheni, nikamrudishia bei ya kwanza. Kiprugut akisema kitu, hicho ndicho. Hakuwa na neno la ziada la kukutisha nalo. Kama ningelishika somo hilo vizuri ningejiokolea safari nyingi.

Alikuwa Mkipsigis wa miaka kama hamsini, mrefu, vidole vimepinda kwa kukamua. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekamua ng'ombe wa Mzungu mmoja upande wa Njoro, na humo ndimo alimojifunza kutengeneza mafuta ya kiwele. Baridi ya Julai ikishuka kutoka milima ya Mau, chuchu za ng'ombe hupasuka, na ng'ombe mwenye chuchu zilizopasuka hupiga teke na kuzuia maziwa. Kiprugut alipika mafuta ya kondoo, nta ya nyuki na ganda la mti ambao hakunitajia jina kwa miaka mitatu. Ukipaka leo, kesho kutwa ngozi imefunga. Wakamuaji na wachungaji kuanzia Rongai hadi Molo walikuwa wakiyanunua kwake.

Juu ya kila kifuniko alichora kwa msumari sikio la kushoto la ng'ombe, lenye mkato mmoja kwenye ncha na miwili upande wa chini. Wateja wake wengi hawakujua kusoma, lakini sikio walilisoma kutoka ng'ambo ya boma. Walisema tu, "Nipe ya sikio."

Yeye mwenyewe alijibu maswali kwa ufupi, kwa hiyo habari za sikio nilimwuliza mkewe, Chepngeno, siku moja nilipopeleka mikebe nyumbani kwao, kibanda cha wafanyakazi kule shambani. Alikuwa anakoroga sufuria.

"Ni sikio la ng'ombe wa baba yake," akasema. "Ndama akizaliwa anakatwa hivyo. Akipotea mpaka Kericho, mtu akimwona anajua ni wa watu gani."

"Na hao ng'ombe wako wapi, mama?"

"Bwana mkubwa alisema mfanyakazi abaki na watano. Halafu wawili. Halafu akasema majani ni ya ng'ombe wake tu. Wa mwisho aliuzwa mnadani mwaka wa hamsini na moja. Aliyemnunua akamkata sikio upya, sisi tukiangalia."

"Kwa hivyo sikio limebaki kwa mikebe."

"Limebaki kwa mikebe," akajibu. Hakucheka, akaendelea kukoroga. Hawakuwa na mtoto aliye hai.

Mwaka wa 1957 niliona njia ya kutufaa sote. Nilimwachia mikebe sita ya mafuta ya Kiprugut meneja wa duka kubwa la wakulima mjini Nakuru, duka lenye matawi kutoka Gilgil hadi Eldoret. Baada ya mwezi akaniita. Alisema angechukua kila mkebe ambao tungeweza kujaza, lakini kwa sharti moja. Mwaka uliotangulia alikuwa ameuza dawa ya viatu ya mtu fulani, na kabla ya miezi mitatu kupita kila kibanda kilikuwa na dawa kama ile, yenye picha kama ile, na nusu yake ilikuwa masizi. Sasa hataki bidhaa ambayo yeyote anaweza kuiiga. "Niletee cheti kutoka Nairobi kwamba hilo sikio ni alama yenu," akasema. "Kabla ya hapo usinisumbue."

Tulikubaliana hivi: gharama za karatasi juu yangu, mafuta juu yake, na mikebe asinunue kwa mtu mwingine. Kiprugut alikubali haraka kuliko nilivyotarajia, na sababu aliisema wazi. Mkamuaji ambaye vidole vimekataa hufukuzwa shambani na mzigo wake kichwani, na vyake vilikuwa vimeanza kukataa asubuhi za baridi. Kaka yake Kosgei alikuwa Olenguruone na alimwambia kuna mahali pa kujenga, ila aje na kitu cha kuanzia. Duka likikubali, Kiprugut angehama na Chepngeno, na kununua ng'ombe wawili wa kufuga mahali ambapo hakuna wa kumwambia wauzwe. Cheti kikikosekana, hakuna duka. Na bila duka, ni shamba la Mzungu mpaka siku ya mzigo.

Fomu ilijazwa na karani mmoja Mgoa katika ofisi ya wakili karibu na soko. Juu ya sikio tuliandika MAFUTA SAFI YA KIWELE, NAKURU. Pale panapoulizwa alama ni ya bidhaa gani, mimi nikasema aandike mafuta ya kila aina, nikifikiri ukiomba uwanja mpana utapewa angalau nusu. Kosa hilo ni langu.

Barua ya Msajili wa alama za biashara wa Nairobi ilikuja baada ya miezi minne. Karani aliisoma kwanza peke yake, midomo ikicheza, kisha akatutafsiria.

"Anasema maneno haya, mafuta safi ya kiwele, yanaeleza kitu chenyewe tu. Kila mwenye mafuta safi ya kiwele ana haki ya kuyaita hivyo. Huwezi kuyafungia sandukuni."

"Lakini ndivyo yalivyo," Kiprugut akasema.

"Ndiyo sababu amekataa, mzee. Na Nakuru ni jina la mji. Mji si wako."

"Sijasema ni wangu. Nimesema nakaa hapa."

Karani akanitazama, nami nikatazama dirisha. Yalikuwepo mengine. Mafuta ya kila aina maana yake ni ya kupikia, ya taa, ya nywele, na Msajili aliuliza kama kweli tunauza hayo yote. Halafu kulikuwa na kampuni ya sabuni Nairobi iliyosajili zamani kichwa cha ng'ombe ndani ya duara, pamoja na masikio yake mawili. Mnunuzi angeweza kudhani sikio letu limetoka nyumba hiyo hiyo. Mwishoni, katika mstari mmoja mfupi, alituomba tueleze sikio hili lina maana gani na limetoka wapi. Tulikuwa na miezi mitatu ya kujibu. Asiyejibu huhesabiwa kwamba ameacha mwenyewe.

Kiprugut alikuwa ameshavaa kofia. "Amekataa. Twende."

"Keti, mzee," nikamwambia. "Huyu hajakataa. Mtu akikataa hakuandikii kurasa mbili. Huyu ametaja bei yake, sasa na sisi tunataja yetu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika biashara unatoa kwanza kile ambacho hata hivyo huwezi kukishika. Tuliandika kwamba maneno yale yatabaki kwenye mkebe lakini hatudai kuwa ni yetu peke yetu. Jina la Nakuru tukaliondoa kwenye picha. Mafuta ya kila aina tukayapunguza mpaka yakawa mafuta ya kupaka viwele vya ng'ombe, basi. Kisha nikazunguka mashambani kwa wiki tatu na kidau cha wino, nikapata alama za dole gumba za wachungaji na wakamuaji kumi na wanne, kila mmoja akisema amenunua tangu mwaka gani, na kwamba akiona sikio lile kwenye mkebe hajui kingine ila mafuta ya Kiprugut.

Kwa watu wa sabuni nilipanda gari la moshi mwenyewe. Nilimwekea mkubwa wao mkebe mezani. Nikamwambia nyinyi mnaosha watu, sisi tunapaka ng'ombe. Andikeni kwamba hamna pingamizi, na sisi tutaandika kwamba sikio hili halitaonekana kwenye sabuni hata siku moja. Alinizungusha siku mbili ili nione yeye ni mkubwa, kisha akatia sahihi.

Likabaki swali la mwisho. Hilo nililiona dogo kuliko yote. Nilimwambia karani aandike kwamba sikio ni picha iliyobuniwa na mwombaji mwenyewe. Kiprugut akaomba asomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia dole. Akasomewa. Akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Nitaleta kesho," akasema.

Kesho yake alileta bahasha iliyofungwa, karani akaituma pamoja na zile nyingine. Mimi sikuifungua. Jambo hilo bado linanikera, maana mimi hufungua kila kitu.

Ndani hamkuwa na karatasi yetu. Alikwenda kwa mwalimu wa kanisa akaandikiwa barua nyingine, nami nilikuja kuiona baadaye, nakala yake iliporudishwa pamoja na jibu. Ilisema: "Bwana Msajili, nakusalimu. Sikio hili sikulibuni. Ni sikio la ng'ombe wa ukoo wetu. Mkubwa wetu ni Kosgei, kaka yangu, na wako wengine wengi wenye sikio hili, sijui hesabu yao. Mimi nimeliazima tu kwa kuwa sina ng'ombe. Nakuambia haya kwa sababu umeuliza, na mtu wa serikali asiandike kitu ambacho sicho."

Msajili alijibu kwa adabu. Pingamizi zote nne alikuwa ameziondoa. Lakini anayeomba alama isajiliwe lazima aseme ni yake, na mwombaji huyu amesema kwa barua yake kwamba si yake. Alitupa miezi miwili tuonyeshe kwamba wenyewe wamemwachia.

Nilimkuta Kiprugut kwenye banda la kukamulia.

"Mzee, nani alikutuma useme hayo?"

"Yeye. Barua ilisema eleza limetoka wapi."

"Ungeeleza kidogo tu."

"Kidogo ni mpaka wapi?"

 Wiki hiyo hiyo tulipanda lori la viazi mpaka Olenguruone kumtafuta Kosgei.

Tulimkuta amesimama katikati ya ng'ombe wake, blanketi begani, na kila sikio la kushoto nililoliona lilikuwa na ile mikato mitatu. Alitukaribisha kwa maziwa, akauliza habari za njia, akaniacha nieleze. Nilieleza vizuri. Nilisema ni kwa mikebe tu, ng'ombe wake hawahusiki, ni karatasi ya kuzuia wezi.

"Hiyo karatasi itasema sikio ni la nani?" Kosgei akauliza.

"La Kiprugut. Kwa mafuta peke yake, mzee."

"Na akifa?"

"Litakwenda kwa mrithi, au kwa atakayelinunua."

Neno hilo ningelimeza kama lingerudi. Kosgei aliweka kibuyu chini.

"Linauzwa?"

"Si lazima liuzwe."

"Lakini linaweza."

Nilibadilisha njia. Karani alikuwa ameniambia kwamba ukoo mzima unaweza kuandikwa kuwa wenye alama, mradi watajwe wote. Kosgei akauliza kama wa Kericho watatajwa, na wale waliovuka Tanganyika, na ambao hawajazaliwa. Nikamwambia basi yeye mwenyewe achukue sehemu ya kila mkebe. Hapo akacheka, si kwa ubaya.

"Joash, unataka kununua sikio langu?"

Alizungumza na mdogo wake kwa lugha yao kwa muda mrefu, kisha akanigeukia. "Alitumie mpaka achoke. Hakuna wa kumkataza. Lakini kuandika kwamba ni lake, hapana."

Nikamwambia Kiprugut, "Sema basi. Wewe ndiye unayetaka kuhamia hapa."

Alitazama ng'ombe wa kaka yake. "Mtoto wa Kosgei akikata ndama sikio kesho, sitaki iwe amekata kitu changu."

"Kisheria haitakuwa hivyo."

"Najua. Nimesikia karani. Sitaki iwe hivyo hata kwa karatasi."

Kwenye lori tukirudi nilimpa njia ya mwisho. Karani alisema neno lisilo na maana yoyote ndilo hupita upesi, kwa kuwa halielezi kitu na si la mtu. Au achague picha nyingine, nyota, jembe, chochote. Alikaa juu ya gunia akitazama ukungu.

"Nyota sikuzaliwa nayo," akasema. 

Miezi miwili ikaisha mwezi wa Machi, 1958. Ombi likafutwa. Meneja wa duka hakunipa hata kiti.

Kabla ya mvua kubwa kwisha kukawa na mikebe mingine sokoni yenye sikio. Mtu alikuwa amechanganya mafuta ya nguruwe na oili chafu ya gereji, akachora mkato mmoja kwenye ncha na miwili chini. Wachungaji wakapaka, na viwele vikababuka. Walikuja kwa Kiprugut mlangoni, mikebe mkononi, wengine wakitukana. Yeye alifungua kila mkebe na kuwaambia, "Huu si wangu," na wao wakamwonyesha kifuniko.  Alimpa kila mmoja mkebe mzuri badala ya mbaya, mpaka sufuria ya Chepngeno ikawa tupu na hakukuwa na kondoo wa kuchinja.

Nilimpeleka kwa karani. Karani alisema kushtaki kunawezekana, lakini kutahitaji mashahidi, wakili wa Nairobi, na mwaka mzima au zaidi. "Mngekuwa na cheti," akasema, "ningeandika barua moja tu, na yule mtu angekimbia."

Kilichomvunja Kiprugut hasa hakikutoka sokoni. Kosgei alipeleka fahali mnadani Molo, na mnunuzi mmoja akashika sikio akawaambia wenzake, "Huyu ni wa yale mafuta yaliyooza, msimguse." Watu wakacheka. Fahali akarudi nyumbani. Kosgei hakutuma lawama, alituma habari tu jinsi ilivyokuwa. Chepngeno aliniambia kwamba siku ile Kiprugut alichukua vifuniko vyote vilivyobaki, akakaa mlangoni, akavisugua kwa mchanga kimoja kimoja mpaka picha zikafutika.

Nilingoja wiki mbili, kisha nikaenda kununua ujuzi wake. Nilianza chini kabisa, kama kawaida yangu, nikitegemea apande nami nipande kidogo tukutane kati. Alikubali hapo hapo. Alinitajia kila kitu, mti na jina lake, ganda la upande gani, moto wa kiasi gani. Aliniomba jambo moja tu, nisiweke sikio. Nikamwambia sina haja nalo. Sijawahi kununua kitu kwa urahisi vile, na nimenunua vingi.

Nilibuni neno lisilo na maana katika lugha yoyote niijuayo, nikaliombea cheti kwa jina langu. Msajili hakuuliza swali hata moja. Duka la wakulima lilichukua mikebe mia tatu ya kwanza kabla ya Krismasi, na sasa nina nyumba ya mawe yenye mlango wa barabarani. Yule wa oili chafu alijaribu neno langu mara moja. Karani akaandika ile barua moja.

Chepngeno alikufa kwa kifua mwaka wa 1959, kule kule shambani, na akazikwa kwenye majani ya Mzungu. Kosgei bado ana ng'ombe wake, ila mnada wa Molo hapeleki tena, anatembea nao siku mbili hadi mnada wa mbali. Mahali pa kujenga kule Olenguruone pamepewa mtu mwingine.

Mwaka huo huo nilipeleka mafuta kwenye lile shamba la Njoro, maana bwana mkubwa sasa hununua kwangu. Kiprugut alikuwa chini ya ng'ombe. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikufunga tena, alikuwa anakamua kwa vilivyobaki. Alichota mafuta kwenye mkebe wangu, akayasugua polepole kati ya kidole na gumba.

"Ganda umepunguza," akasema.

"Siku hizi ni shida kulipata, mzee."

"Lipo jingi juu ya Mau. Ni kupanda tu."

Nilimwambia nitaongeza. Akapaka kiwele, akavuta ndoo, akaendelea. Mafuta yanauzwa vizuri hivyo hivyo yalivyo, na sijaongeza.